Butembo–Beni: Ua dogo la kivulini lisiloweza kuvuka mlima

BUTEMBO – Mvua zinaporudi mwezi wa Septemba, njia za kuteremka mabondeni kuchota maji zinakuwa utelezi mtupu. Mtoto mwenye bido ya lita 20 anaangalia pa kuweka mguu, haangalii maua. Lakini pale chini, mahali ambapo miti ya zamani bado inafunika kijito, kuna mimea midogo yenye shina laini lililojaa maji, majani mabichi, na maua ambayo mengine hayazidi ukucha wa kidole gumba. Yapo meupe, yapo ya waridi, yapo mekundu yenye ncha ya manjano. Ukilichuma, kabla hujafika nyumbani limekwisha kulegea.

Wataalamu wa mimea wanaiita jamii hii Impatiens, neno la Kilatini lenye maana ya asiye na subira. Duniani kuna aina zaidi ya 1,000, na Afrika peke yake ina zaidi ya 100. Nyingi kati ya hizo za Afrika zinaishi katika misitu ya milimani, na safu ya milima inayozunguka Bonde la Ufa la magharibi, kutoka Rwenzori kupitia Kivu hadi kusini mwa Burundi, ni mojawapo ya makao yao makubwa. Wakaaji wa Butembo na Beni wanaishi katikati ya makao hayo. Kwa wengi mmea huu ni majani tu.

Hata hivyo, mahali unapoota unaeleza mengi kuhusu maji ambayo mji unakunywa.

Mtu aliyesoma Ubelgiji huenda aliwahi kupelekwa mwezi wa Aprili katika msitu wa Hallerbos, kusini mwa Brussels, kuona ardhi yote imegeuka rangi ya buluu kwa maua madogo. Kule maua ya msituni yana haraka ya namna yake. Miti hupukutisha majani wakati wa baridi, na majira ya kuchipua yanapoanza, jua hufika chini kwa wiki chache kabla matawi hayajavaa majani tena. Katika wiki hizo ua linapaswa kuchipua, kuchanua, kupata mdudu na kutoa mbegu. Mwezi wa Juni dirisha limefungwa.

Butembo iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, ambao unapita kusini kidogo mwa mji. Hapa hakuna majira ya kuchipua. Miti ya msituni haivui majani kwa pamoja, kivuli kipo Januari na kipo Agosti. Mwanga unaofika chini ya msitu mnene wa namna hii unaweza kuwa asilimia 1 au 2 tu ya jua la nje. Kwa hiyo ua la hapa halina dirisha la kukimbilia. Limejifunza kuishi na mwanga kidogo mwaka mzima, na kinacholiongoza ni mvua. Huku zinanyesha karibu miezi yote, zikipungua Januari na Februari, kisha tena Juni na Julai. Mashina yanayolegea katika miezi hiyo mikavu yanasimama tena mvua zinaporudi, na maua yanaongezeka.

Jinsi mmea huu ulivyojengwa ni rahisi kuelewa ukiuvunja mkononi. Shina halina ubao ndani. Linasimama kwa sababu limejaa maji, kama mpira uliojaa hewa. Mizizi yake ni mifupi, haiendi chini kutafuta maji, inategemea udongo wa juu uwe na unyevu daima. Majani ni membamba na yanapoteza maji haraka jua likiyapiga. Kwa mmea wa kivulini haya si makosa, maana hakuna sababu ya kugharimia ganda gumu mahali ambapo hewa ina unyevu mchana na usiku. Shida inaanza siku mti wa juu unapoangushwa. Saa sita mchana mmea umelala chini, na baada ya wiki chache za kiangazi haupo.

Si aina zote zenye udhaifu huo. Impatiens burtonii, ambayo inapatikana kuanzia Cameroon hadi Afrika Mashariki, inavumilia mitaro ya kando ya barabara na kingo za mashamba, ili mradi pawe na maji. Anayesafiri kilomita 54 kati ya Butembo na Beni akiona maua meupe au ya waridi kwenye mtaro wenye kivuli, huenda ni hiyo. Nyingine hazivumilii hata kidogo. Hapo ndipo tofauti ilipo: ua la mtaroni likibaki peke yake na yale mengine yakaondoka, bonde bado linaonekana kuwa na maua, lakini msitu umekwisha.

Ua lenyewe linastahili kuangaliwa kwa utaratibu. Nyuma yake kuna mkia mdogo, mwembamba na uliopinda, na ndani ya mkia huo ndimo mmea unamoweka mbochi, ile asali nyepesi ya ua. Ukitazama mkia unaweza kukisia mgeni anayesubiriwa. Mkia mrefu na mwembamba kama uzi, nyuma ya ua lililokaa bapa, unamsubiri kipepeo mwenye ulimi mrefu. Ua lenye kinywa kipana linamsubiri nyuki, aingie ndani kabisa. Na ua jekundu lenye mfuko mnene wa mbochi linamsubiri chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda ambaye kila mtoto wa kijijini amekwisha kumfukuza.

Anayejulikana zaidi kati ya wale wa ndege ni Impatiens niamniamensis. Maua yake mekundu, yenye ncha ya manjano au kijani, yanatoka moja kwa moja kwenye shina, chini ya majani. Ulaya na Marekani wanaouza maua ya sufuria wamelipa jina la kakatua wa Kongo, kwa sababu linafanana na ndege aliyekaa. Jina hilo linachekesha kidogo, maana kakatua ni ndege wa Australia na visiwa vya jirani, na Kongo haina hata mmoja. Jina la kisayansi nalo lina historia yake: Niam-Niam ndivyo wasafiri wa karne ya 19 walivyowaita Wazande wa kaskazini mwa Kongo, na Wazande wenyewe hawakujiita hivyo.

Chozi hula akiwa amekaa kwenye tawi, tofauti na wale ndege wadogo wa Amerika wanaoelea hewani mbele ya ua. Ndivyo vitabu vilivyosema kwa muda mrefu. Lakini kwenye Mlima Cameroon watafiti walikuta chozi akielea hewani mbele ya Impatiens sakeriana, kwa sababu ua hilo linaning'inia mbali na mahali pa kukaa. Ndege mzito kiasi hicho kupiga mabawa papo hapo ni kazi kubwa, na anaifanya kwa ajili ya tone la mbochi.

Kuna jambo jingine ambalo jicho la haraka halilioni. Ua moja la Impatiens linakuwa la kiume kwanza, kisha la kike. Siku za mwanzo sehemu zinazotoa chavua zimeungana na kufunika sehemu ya kike kama kofia. Mgeni anayekuja siku hizo anaondoka na chavua kichwani au mgongoni. Baada ya siku chache kofia inadondoka, na sehemu ya kike inakuwa wazi, tayari kupokea chavua iliyoletwa kutoka ua jingine. Ua haliwezi basi kujizalisha lenyewe kwa urahisi. Linahitaji jirani, na linahitaji mgeni wa kusafiri kati yao. Mimea mitatu iliyobaki kwenye kona moja ya kijito si sawa na mia iliyotawanyika kando yake.

Kisha linakuja tunda, ambalo ndilo lililoupa mmea jina la asiye na subira. Ni kiganda kidogo cha kijani, kinene katikati. Kikiiva, kuta zake tano zinakuwa zimejaa maji na kuvutana kama mpira uliotandwa. Kikiguswa na tone la mvua, na mguu wa mbuzi au na kidole cha mtoto, kinapasuka, kuta zinajikunja kwa ghafla, na mbegu zinarushwa. Tendo lote linachukua chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Watoto wakikigundua wanaweza kushinda hapo nusu saa wakivipasua kimoja baada ya kingine.

Mbegu hizo zinafika wapi? Mita moja, mbili, pengine chache zaidi. Hazina mabawa ya kupeperuka na upepo, wala nyama tamu ya kumshawishi ndege azimeze na kuzipeleka mbali. Zikiangukia kijitoni, maji yanaweza kuziteremsha. Lakini maji hayapandi mlima. Mmea ulio katika bonde moja hauna njia rahisi ya kufika bonde la pili, hata kama mabonde hayo yametenganishwa na kilima ambacho mtu anakivuka kwa dakika 20.

Kwa maelfu ya miaka hali hiyo iliutajirisha mkoa huu. Jamii zilizotengana kila moja katika bonde lake zilibadilika kila moja kivyake, na ndiyo sababu moja ya kuwa na aina nyingi ambazo haziko mahali pengine duniani. Mwaka 2003 tu, Eberhard Fischer, Dhetchuvi na Ntaganda walieleza aina mpya kutoka msitu wa Nyungwe nchini Rwanda, wakaiita Impatiens nyungwensis. Msitu huo unajulikana, una barabara ya lami ndani yake, na bado ulikuwa na ua lisilo na jina.

Upande wetu, jina linalokumbukwa ni la Joseph Bequaert, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1886. Alifika Kongo mwaka 1910 kuchunguza wadudu katika tume ya ugonjwa wa malale, akarudi mwaka 1913 kukusanya mimea. Mwaka 1914 alipita Beni na kupanda Rwenzori kutoka upande wa Kongo. Mimea aliyoikausha ilipelekwa Ubelgiji, ambako Émile De Wildeman, mkurugenzi wa bustani ya taifa ya mimea, aliishughulikia katika mfululizo wa vitabu ulioanza kutoka mwaka 1921. Kati yake kulikuwa na mmea mdogo sana unaotambaa ardhini, unaotoa mizizi kila pingili inapogusa udongo, wenye maua meupe au ya waridi hafifu. De Wildeman aliuita Impatiens bequaertii. Leo wapenda maua wa Ulaya na Marekani wanaufuga ndani ya vyungu vya kioo sebuleni. Bequaert mwenyewe alihamia Marekani, akafanya kazi Harvard, na kufariki mwaka 1982. Wale waliombebea mizigo, na kwa hakika waliomwonyesha njia, hawakuandikwa kwenye jina la ua lolote.

Mabonde ambayo yalikuwa yametenganishwa na msitu sasa yametenganishwa na kitu kingine. Kutoka Butembo kuelekea Lubero, au kuelekea Beni hadi Maboya na Kabasha, macho yanakutana na kaliptusi kilima baada ya kilima. Si bila sababu. Mji umekua haraka, nyumba zinataka mbao, matofali yanachomwa kwa kuni, na chakula kinapikwa kwa makala. Kaliptusi inakua upesi na kuchipua tena ikikatwa, na kwa familia nyingi shamba la miti ndilo akiba ya masomo ya watoto. Tena, kila gunia la makala linalotoka kwenye shamba la mtu ni gunia ambalo halikutoka Virunga. Ndiyo sababu shirika la WWF lilianzisha mwaka 2007 mpango wa EcoMakala wa kupanda miti ya kuni kandokando ya hifadhi hiyo. Anayelaani kaliptusi bila kutaja makala anasema nusu ya habari.

Tatizo ni inapopandwa. Kaliptusi juu ya kilima ni jambo moja, kaliptusi ndani ya bonde juu ya chemchemi ni jambo jingine. Mti huo unakunywa maji mengi, majani yake makavu yanaoza polepole na kuifunika ardhi, na kivuli chake ni chepesi, jua linapenya. Chini yake Impatiens wa msituni hapati unyevu wala giza. Mabonde mengine yamegeuzwa bustani za mboga au mahali pa kufyatulia matofali, na upande wa Beni, ambako kuna joto zaidi, kakao imeingia hadi kingo za mito. Kakao angalau inapenda kivuli, na mkulima anayeacha miti mikubwa juu ya kakao yake anaacha pia nafasi kwa mimea ya chini. Anayesafisha kila kitu haachi.

Sheria ipo. Kanuni ya misitu ya Kongo ya tarehe 29 Agosti 2002 inakataza kukata miti katika umbali wa mita 50 kila upande wa mto, na katika duara la mita 100 kuzunguka chemchemi. Mtu akichora mistari hiyo kwenye ramani ya vilima vya Butembo, atakuwa amechora karibu makao yote yaliyobaki ya ua hili nje ya hifadhi. Walioandika kanuni walikuwa wanafikiria maji. Lakini utepe wa mita 50 wenye miti ya asili ndio barabara pekee ambayo mmea unaorusha mbegu mita mbili unaweza kuipita, kizazi baada ya kizazi, kufuata kijito.

Kwenye mashamba madogo ya vilimani, mita 50 kila upande wa kijito inaweza kuwa shamba lote la familia. Hilo ndilo linalofanya sheria ibaki kwenye karatasi, na hakuna haja ya kumfanya mkulima kuwa mhalifu. Ila kuna kiasi kati ya mita 50 na sifuri. Mstari mmoja wa miti ya asili ukiachwa kwenye ukingo, na chemchemi ikiachiwa kichaka chake, mmea unabaki. Na mama anayechota hapo mwezi wa Julai anaona tofauti kabla ya mtaalamu yeyote.

Ndani ya hifadhi hali ni nyingine. Virunga iliundwa tarehe 21 Aprili 1925, ikaingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1979, na tangu mwaka 1994 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Sehemu yake ya kaskazini inapanda kutoka bonde la Semuliki hadi theluji ya Rwenzori, mita 5,109, mlima ambao wakaaji wa Beni wanauona asubuhi mawingu yakiwa bado hayajapanda. Kutoka Mutwanga zamani wageni walikuwa wanapanda, na njia hiyo inapita katikati ya msitu wa milimani ambao ndio hasa nyumba ya Impatiens. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yamefanya pori kuwa mahali pa hofu. Watu wameuawa mashambani mwao, vijiji vizima vimehama. Hakuna anayeweza kumwambia mwanafunzi aende msituni na daftari kuhesabu maua. Msitu ambao watu wanauogopa unaweza kupona sehemu moja, na ukamalizwa kwa makala na mbao sehemu nyingine, bila mtu wa kuandika kipi kimetokea wapi.

Anayeuliza ua lina faida gani anaweza kutazama Zanzibar. Karibu mwaka 1880 balozi wa Uingereza kisiwani humo, John Kirk, alipeleka London mbegu za Impatiens ya Afrika Mashariki. Mwaka 1882 Joseph Hooker aliipa jina la Impatiens sultanii kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye ilionekana kuwa ni ile ile iliyokwisha kuitwa Impatiens walleriana mwaka 1868, na jina la Sultani likaachwa. Mmea huo wa misitu yetu ukawa mojawapo ya maua ya bustani yanayouzwa sana Ulaya na Marekani, kwa sababu moja tu: linachanua kivulini, mahali ambapo maua mengine yanakataa.

Mwaka 2003 ugonjwa wa ukungu ulizuka katika bustani za Uingereza, na kufikia mwaka 2011 na 2012 ulikuwa unaziangamiza bustani za Marekani. Mimea ilipukutisha majani na kubaki vijiti. Wauzaji waliokolewa na ndugu mwingine wa jamii hiyo, Impatiens hawkeri wa New Guinea, ambaye ugonjwa haukumwangusha. Hakuna aliyekuwa amemtunza mmea huyo porini kwa kusubiri siku hiyo. Alikuwepo tu, kwa kuwa msitu wake ulikuwepo.

Kwa mwenye chemchemi shambani, kuurudisha mmea huu si kazi ngumu. Kipande cha shina cha urefu wa kidole, kikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu chini ya mti, kinatoa mizizi kwa muda mfupi. Kinahitaji kivuli kiwepo kwanza. Ni vizuri kuchukua kipande kutoka bonde lile lile au la jirani, wala si kutoka sufuria ya dukani, maana ile ya dukani ni ya mahali pengine na inaweza kuleta ukungu wake.

Anayetaka kuyaona maua yenyewe asiende porini. Atafute asubuhi, kati ya Septemba na Novemba au tena kati ya Machi na Mei, kijito chochote karibu na nyumbani ambacho bado kina miti ya zamani juu yake, ainame, na atazame nyuma ya ua kama mkia wake ni uzi au ni mfuko.